Mashuka ya Hen Felin

Aliyemkuta ni binti yake mwenyewe. Imogen Ellicott alikuwa amekwenda mjini kuchukua keki, na aliporudi, yapata saa kumi jioni, hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba ili mama yake aione keki kabla ya wengine. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mashuka manne meupe yalitundikwa kwenye kamba, yameloa chapachapa, na ilimbidi ayasukume kwa bega ili apite. Upande wa pili lilikuwako jakuzi, beseni kubwa la mbao lililozamishwa nusu katika baraza la mawe, likitokota na kufuka mvuke. Mama yake alikuwamo, kifudifudi. Nywele zake za mvi zilikuwa zimetandaa juu ya povu.

Kando ya beseni alisimama baba yake, mikono ya sweta imelowa hadi mabegani, anatazama maji.

"Baba! Baba, umefanya nini?"

"Hataki kutoka," alisema Roland Ellicott. "Nimemwita, nimemwita, hataki kutoka."

Inspekta Eluned Prosser alifika kabla giza halijaingia. Alikuwa mzaliwa wa bonde la pili kutoka hapo, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na desturi ya kutosema neno mpaka awe amelizunguka jambo mara mbili. Alizunguka beseni. Alizunguka tena. Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamtoa Marian Ellicott na kumlaza juu ya mawe, wamemfunika blanketi. Glasi ya mvinyo ilikuwa imesimama ukingoni, imejaa maji ya mvua.

"Haya majakuzi ni mtego kwa wazee, afande," alisema Konstebo Iestyn Hopkin aliyemtangulia kufika. "Joto, mvinyo, usingizi. Kwisha."

Eluned alikuwa anatazama kamba. "Iestyn, mama yako huanika mashuka siku kama ya leo?"

"Mama yangu? Nikithubutu mimi kuanika leo, atanianika mimi mwenyewe." Iestyn alicheka, kisha akakumbuka alipo. "Hawa ni watu wa mjini, afande. Labda wanadhani mvua ndiyo inayosuuza."

Daktari Haf Meredith, aliyekuwa amepiga magoti mawe yakimlowesha, hakucheka. Alifunua blanketi kidogo.

"Njoo uone, Eluned. Bega hili, na hili. Alama za dole gumba nyuma, za vidole mbele. Zinalingana pande zote mbili. Aliyemshika alisimama nyuma yake, akamkandamiza kwa mikono miwili, nguvu sawasawa. Huyu hakulala."

Eluned aliinuka akishika goti lake. Ukichungulia kando ya kamba, uliweza kuona uwanja wa nyasi changa, kijito, na ng'ambo yake nyumba ya mwenye shamba, dirisha moja likiwa na taa. Hapakuwa na kitu kingine katikati. Isipokuwa mashuka.

Nyumba ile iliitwa Hen Felin. Zamani ilikuwa kinu cha kusagia nafaka. Sasa ilikuwa ya kupangisha wageni wa wiki moja, yenye jiko la kuni, vitanda vinne na jakuzi la faragha. Waliokuja Ijumaa walikuwa wanne: Marian na mumewe Roland, binti yao Imogen, na mdogo wake Marian, Bridget Sallow. Walikuwa wamekuja kuadhimisha miaka arobaini ya ndoa ya Marian na Roland.

Imogen alihojiwa jikoni, keki ingali ndani ya boksi mezani.

"Mimi ndiye niliyepanga," alisema, kabla hata hajaulizwa. "Andika hivyo. Mimi ndiye niliyepanga, mimi ndiye nimemuua."

"Taratibu. Ulipanga nini?"

"Likizo. Yote. Tangu Februari. Mwanzo nilitaka pwani, nyumba ya ghorofa moja, Baba asihangaike na ngazi. Baba si mzima, Inspekta. Amepigwa na kiharusi mara tatu, kidogo kidogo, na akili inakatika kama redio mbovu. Halafu tukasema hapana, awe mahali patulivu, hakuna majirani, jakuzi la peke yetu, maana kwenye bwawa la watu wote anavua nguo mbele za watoto. Na Mama mgongo wake ulikuwa unamuuma. Tulibishana, tulitumiana picha, mpaka mume wangu akaniambia, nyinyi mnapanga likizo au vita?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilizitazama picha za nyumba hii mpaka nikazikariri. Nilijua kikombe kipi kina ufa."

"Leo mchana walikuwa wapi?"

"Nilitoka saa nane na nusu. Baba alikuwa anatazama raga. Mama mdogo alisema kichwa kinamuuma, akapanda kulala. Mama alikuwa anavaa nguo ya kuogelea. Aliniambia, 'Usisahau mishumaa.'" Imogen akalitazama boksi. "Nikaisahau."

"Mashuka yale ni nani aliyeyaanika?"

"Mashuka gani?"

Bridget Sallow alimpokea Eluned sebuleni, amekaa wima, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na ushee, aliyesuka nywele zake vizuri hata siku ile. Roland alikuwa kando yake kwenye kochi. Alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine amshikie. Bridget alimpangusa kidevu kwa leso bila kumtazama, kama anayejipangusa mwenyewe.

"Nililala tangu saa nane," alisema. "Dirisha langu linatazama barabarani. Sikusikia kitu mpaka mayowe ya Imogen."

"Kuna mtu yeyote aliyekuwa na ugomvi na dada yako?"

Bridget alisita, kama anayeona aibu kuchongea. "Sipendi kumsingizia mtu. Lakini jana jioni mwenye nyumba alimfokea. Marian alimwambia maji ya jakuzi yananuka. Yule bwana akamwambia anaweza kwenda kuoga mtoni. Na hapo nyuma pamebaki wazi mno, Inspekta. Mtu akitoka mashambani anafika barazani bila kukutana na hata kipande cha ua. Nilimwambia Marian, funga mlango. Hakuwa mtu wa kusikia."

Eluned aliyaandika yote. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwona Roland ameushika mkono wa Bridget, ameuweka shavuni.

Jumapili asubuhi walimwendea mwenye nyumba. Emrys Bebb aliwapokea zizini, mikono imejaa matope, uso umejaa hasira.

"Nilimfokea, ndiyo. Nimefokea wageni wengi kuliko kondoo. Mtu anakuja kutoka mjini, anapaka mafuta mwili mzima kama kuku wa kuoka, anaingia majini, halafu ananiambia maji yananuka. Lakini kumuua? Ningewaua wote, ningekuwa tajiri wa makaburi."

"Jana mchana, Bwana Emrys?"

"Mnadani, nauza kondoo dume. Muulize mwenye mnada. Muulize aliyeninyang'anya bei. Nimerudi saa kumi na moja nikakuta taa za polisi uani kwangu."

Iestyn alikwenda kando kupiga simu. Alirudi akatikisa kichwa: nusu ya bonde lilimwona Emrys mnadani, na wengine walimsikia pia.

"Hapo nyuma ya nyumba," alisema Eluned, "pamekuwa hivyo siku zote?"

"Wapi! Kulikuwa na ukuta wa misonobari, mirefu kuliko paa. Dhoruba ya Septemba ikailaza yote usiku mmoja. Nimeng'oa hata visiki, nikatandaza nyasi. Ukipita sasa hujui kama kulikuwa na mti."

"Na picha za kutangaza nyumba?"

"Alipiga mke wangu. Jiko la kuni, vitanda, jakuzi na glasi mbili pembeni. Miti nani anataka kuiona? Ila mama yangu ndiye aliyefurahi. Miaka kumi anatazama misonobari, sasa ana sinema."

Mama yake, Bibi Nesta, alikuwa kwenye kiti chake dirishani, shali mabegani, paka miguuni.

"Kaa, mwanangu, umesimama kama deni," alimwambia Eluned. "Umekuja kwa ajili ya yule mama wa majini. Maskini. Alikuwa na sauti nzuri. Aliimba Ijumaa."

"Jana ulimwona?"

"Nilimwona akiingia. Nikaona kichwa na mvuke. Halafu akatoka mtu wa koti la mvua, kofia hadi puani, akaanza kuanika mashuka. Kwenye mvua! Nikamwambia paka, hawa wamechanganyikiwa. Likaja la kwanza, la pili, mpaka sikuona tena kitu. Nikawasha televisheni."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Koti, mwanangu. Niliona koti tu. Ila alikuwa mwepesi. Shuka mkono huu, vibanio mkono huu, pa, pa, pa. Mimi sijaanika hivyo tangu nizae."

Makoti ya mvua pale Hen Felin yalikuwa matano, ya nyumba, yananing'inia nyuma ya mlango kwa mgeni yeyote. Yote yalikuwa yamelowa.

Adhuhuri ile Roland Ellicott alikiri.

Alimsubiri Eluned barazani, amevaa tai. "Wewe ni polisi," alisema.

"Umejuaje, Mzee Roland?"

"Viatu. Hakuna mwanamke mwingine anayekubali viatu kama hivyo." Alitabasamu, kisha uso wake ukakunjamana kama karatasi iliyofinywa. "Mimi ndiye niliyemuua Marian. Nilimshika, nikamzamisha. Nifunge."

Iestyn alitoa kalamu. Eluned alimzuia kwa jicho, akakaa karibu na mzee.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Lile vazi la manjano. La kuogelea. Tulilinunua Tenby."

Marian alikuwa amekufa na vazi jeusi. "Tenby mlikwenda lini?"

"Wiki iliyopita. Baada ya harusi."

"Na hili la kumzamisha, Mzee Roland. Unalikumbuka, au umeambiwa?"

Mzee alifikiri. Mkono wake wa kulia uliuinua ule wa kushoto, ukauweka mahali pake mapajani, ukauacha.

"Kwangu mimi, binti," alisema, "siku hizi yote ni mamoja."

"Nani alikuambia?"

"Mchumba wangu. Naye hasemi uongo."

Iestyn alimtazama Eluned. Eluned alikuwa anautazama ule mkono.

Alimkuta Imogen chumbani, anakunja nguo za mama yake na kuzikunjua tena.

"Mchumba wa baba yako ni nani?"

Imogen alikaa kitandani. "Ni Mama mdogo. Si wazimu mtupu, Inspekta, ni kweli ya zamani. Kabla ya Mama, Baba alikuwa amemposa Mama mdogo. Harusi ilikuwa imekaribia. Halafu akamwona dada mtu. Nyumbani haikuwa siri, ila haikuletwa mezani. Sasa ugonjwa umekula miaka ya karibuni, umemrudisha kule. Tangu mwaka jana, Mama mdogo akiingia mlangoni, Baba anasimama, anajichana nywele kwa vidole. Mama yangu, mkewe, Baba alikuwa anamwita 'yule mama wa jikoni'."

"Mama yako alilichukuliaje?"

"Alicheka. Akasema, afadhali kuna mtu anampenda. Halafu siku moja nikamkuta anaosha vyombo alivyokwisha kuviosha." Alibana soksi kifuani. "Februari aliamua wahamie kwangu Bristol baada ya Krismasi. Akamwambia Mama mdogo asije tena kila siku, Baba anachanganyikiwa. Kwa hiyo hii ilikuwa pia likizo ya kuagana."

"Mama yako mdogo alisemaje?"

"Alisema sawa. Hakulia hata. Tena yeye ndiye aliyenipata nyumba hii. Kila nilipomtumia picha ya nyumba ya pwani, ananijibu na Hen Felin."

Eluned alishuka ngazi polepole. Pale garini alifungua maelezo ya Jumamosi, akayasoma kwa sauti ya chini mpaka akafika kwenye neno moja. Kisha akavuka kijito kwenda kwa Emrys Bebb na kumwuliza swali ambalo hakuwa amemwuliza.

Jumatatu asubuhi waliruhusiwa kufungasha. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukumbini. Eluned aliwakusanya sebuleni: Imogen dirishani, Roland kochini, Bridget kando yake na koti lake tayari mabegani. Iestyn alisimama mlangoni.

"Bi Bridget, una haki ya kunyamaza," alisema Eluned. "Ukisema, litaandikwa, na linaweza kusomwa mahakamani."

"Mimi?" Bridget alimtazama Imogen, kisha Eluned. "Nadhani Roland amekwisha kuwaambia. Nami nilitaka kulificha, Mungu anisamehe. Hakujua analofanya. Hakuna hakimu atakayemfunga mtu kama yeye. Mwacheni, nitamtunza."

"Nani alianika mashuka?"

"Marian, nadhani. Alipenda usafi."

"Yalianikwa Marian akiwa majini. Kuna aliyeona."

Bridget hakubadilika uso. "Basi ni mimi. Nimechanganyikiwa na siku hizi mbili. Marian aliniita, akasema yule bibi wa ng'ambo anamkodolea macho. Nikamsitiri, nikarudi kulala. Ni kosa kumsitiri dada yako?"

"Ni wema. Na baada ya hapo Roland akatoka, akamzamisha."

"Ndivyo."

"Kwa mkono gani?"

Roland alikuwa anafuatisha kwa kidole maua ya mto wa kochi.

"Mkono wake wa kushoto haushiki hata kijiko," alisema Eluned. "Umekuwa ukimpangusa kidevu, unajua. Marian alishikwa mabega yote mawili kwa nguvu zinazolingana. Imogen alikuwa mjini. Emrys alikuwa mnadani. Nyumbani mlikuwa wawili, na mwenye mikono miwili ni mmoja."

"Mtu wa nje, basi. Nilikuambia, hapo nyuma..."

"Uliniambia. Ulisema, 'pamebaki wazi.' Nikaandika, nikapita. Jana ndipo neno lile likaniuma. Anayefika mahali mara ya kwanza husema pako wazi. Pamebaki wazi husema yule aliyewahi kuona kitu hapo, kikaondoka."

"Ni neno tu."

"Kulikuwa na misonobari. Iliondoka Septemba. Wewe uliijuaje?"

"Nitakuwa niliona visiki."

"Visiki viling'olewa. Pana nyasi."

"Basi kwenye picha. Kwenye tangazo."

"Hapana, Mama mdogo." Ilikuwa sauti ya Imogen, kavu kabisa. "Picha hazina miti. Zote ninazo kichwani. Hakuna mti hata mmoja."

Eluned aliendelea taratibu. "Mei alikuja mwanamke mmoja Hen Felin. Akamwambia Emrys anatafutia familia yake mahali. Hakuuliza vitanda wala jiko. Aliuliza kama kuna mtu anayeweza kuliona jakuzi. Emrys akamwambia, kwa miti ile, hata kunguru haoni. Ukachagua nyumba, ukamsukumia Imogen mpaka akadhani ameichagua yeye. Ijumaa ukafika, ukakuta miti haipo na bibi yuko dirishani. Ungeweza kuacha, Bi Bridget. Ulikuwa na usiku mzima wa kuacha. Badala yake ukatafuta mashuka. Emrys yuko nje garini. Nimwite akutazame?"

Bridget aliliweka koti lake sawa mabegani, kama anayejiandaa kutoka kanisani.

"Usimwite," alisema.

Imogen aliondoka dirishani. "Ulimleta Baba kwenye beseni. Ulimwambia aingize mikono."

"Nilimwambia amtoe."

"Alikuwa amekwisha kufa! Ulimwambia ni yeye! Ulimwacha aamini!"

"Angesahau!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Bridget ilipanda. "Husahau kila kitu, Imogen. Chai aliyokunywa anasahau. Nilijua kabla hata jua halijazama, atakuwa amesahau, hataumia. Na nyinyi mngeniachia. Wewe una kazi, una mume, ungemweka wapi? Ningempeleka kwangu, angekuwa na furaha."

"Na Mama?"

Bridget alitazama mikono yake. "Miaka arobaini nimekula Krismasi kwenye meza yao. Wananiweka upande wa watoto. Miaka arobaini Roland ananipitishia chumvi kama abiria. Halafu siku moja naingia na kapu langu, anainuka, ananiambia, 'Umechelewa, Biddy. Nilidhani hutakuja.' Hakuna aliyeniita Biddy tangu nikiwa msichana. Nilikwenda bafuni nikalia mpaka nikatapika. Alirudi. Unaelewa? Alirudi kwangu. Naye Marian akasimama pale na aproni yake akaniambia, nisije tena kila siku. Anampeleka Bristol. Alishanichukulia mara moja, sikusema neno. Sikusema neno, Imogen. Mara ya pili sikuweza."

"Hakurudi kwako," alisema Imogen. "Alikuwa anapotea. Hukuona tofauti?"

Iestyn alimshika kiwiko. Walipofika mlangoni, Roland aliinua macho, akajikokota kusimama, akajichana nywele kwa vidole.

"Unaondoka tayari?" alimwuliza.

Bridget aligeuka, akataka kumrudia. Iestyn na Eluned walimbeba hadi garini, mwembamba kama alivyokuwa, akiwaelemea kama gunia la mchanga.

Wiki kadhaa baadaye Eluned alikwenda Bristol. Kesi haikumhitaji huko. Bridget alikuwa amekiri mbele ya hakimu, yuko rumande, anasubiri hukumu. Ni Imogen aliyempigia simu. Alimpokea mlangoni, macho mekundu, kitambaa cha vyombo begani.

"Samahani kukusumbua. Sikujua nimpigie nani mwingine. Jina langu amelisahau, Inspekta. Ananiita muuguzi. Amesahau mji wake wa Dudley, amesahau nyumba, amesahau kula. Lakini hilo moja halijafutika. Kila asubuhi anaamka analia, anasema amemuua mkewe. Mimi nikimwambia si yeye, anasema ninamwonea huruma. Nikafikiri, labda akiambiwa na polisi."

Roland alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, blanketi magotini. Eluned alikuwa amevaa sare, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Bwana Roland Ellicott. Mimi ni Inspekta Prosser. Nilichunguza kifo cha mkeo. Nimekuja kukuambia rasmi. Si wewe."

"Si mimi?"

"Si wewe. Hukumgusa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Machozi yalimtoka bila sauti, yakateremka hadi kwenye kola, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akainama mbele, kwa adabu ya zamani ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Basi ni nani, afande?"

Eluned alimtazama Imogen aliyesimama mlangoni na trei ya chai. Imogen alitikisa kichwa kidogo: mwambie.

"Bridget."

Roland alilirudia jina lile, akalionja ulimini, akatafuta. Uso wake ulibaki mtupu na mpole.

"Simjui huyo," alisema. "Alikuwa rafiki wa Marian?"

Imogen aliiweka trei mezani. Mzee alikuwa ameshageukia chai.

Kesho yake asubuhi, Eluned akiwa bado anafunga viatu, simu ililia. Alisikia kilio cha mzee nyuma ya sauti ya Imogen kabla Imogen hajasema neno.

"Imerudi, Inspekta. Anasema amemuua."

Eluned aliketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi.

"Mpe simu," alisema.